Waganga Wanajibu: Malaria iliyojificha kwenye kondo la nyuma, na barua nyingine

Barua za mwezi huu zimetoka Kadutu, Panzi, Bagira na Ibanda, mitaa ya Bukavu, mashariki mwa Kongo, na karibu zote zinazunguka kiungo kimoja ambacho hutazamwa dakika chache tu, kikiwa ndani ya beseni, kisha kikasahauliwa. Tumechagua kumi. Mbili zilizofanana tumeziunganisha.

Malaria ilikuwa wapi?

*Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, mimba ilikuwa imetimiza miezi yake, lakini mtoto alikuwa na kilo 2 na gramu 200 tu. Wakati wa mimba nilipimwa damu ya kidole mara tatu, kila mara kwa darubini, wakaniambia hakuna malaria. Baada ya kuzaa, maabara ikachunguza kondo la nyuma ikasema lilikuwa na malaria. Nani alinidanganya?* — Mama wa Kadutu

Pole kwa mashaka, mama, na hongera kwa mtoto. Huenda hakuna aliyekudanganya. Damu ya kidole ilisema kweli kuhusu kidole, na kondo lilisema kweli kuhusu kondo.

Kimelea cha malaria kinachotusumbua zaidi, Plasmodium falciparum, huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu. Kikishakomaa kidogo huipaka chembe hiyo gundi kwa nje ili ing'ang'anie ukutani mwa mishipa midogo. Hufanya hivyo kwa sababu chembe ikiendelea kuzunguka itapita kwenye wengu, na wengu huzichuja chembe zilizoharibika na kuzila. Kimelea kina aina kama 60 za gundi hiyo na hutumia moja baada ya nyingine. Moja kati yake, protini iitwayo VAR2CSA, hunata mahali pamoja tu panapopatikana kwa wingi mwilini: kwenye sukari iitwayo kondroitini salfeti A, iliyotandazwa juu ya ngozi ya kondo. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha mnato huo kwa vimelea waliovitoa kwenye makondo ya akina mama wa Kenya ya magharibi, na ndipo ilipoeleweka kwa nini mama anaweza kuwa na mamilioni ya vimelea tumboni huku kidoleni hakuna kitu.

Darubini nayo ina mpaka wake. Kwenye tone nene, mtu wa maabara mwenye jicho zuri huanza kuona vimelea vikiwa 50 hadi 100 katika mikrolita moja ya damu. Chini ya hapo karatasi inaandikwa "hasi". Kipimo cha haraka, TDR, hutafuta protini ambayo kimelea huimwaga ndani ya damu, na protini hiyo hutoka kwenye kondo ikafika hadi kidoleni hata vimelea vyenyewe vikiwa vimeganda huko chini. Kwa hiyo, mama mjamzito mwenye homa akipimwa kwa darubini ikawa hasi, ni haki yake kuomba TDR pia. Ila TDR ina udhaifu wa upande wa pili: hubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo haifai kupimia kama dawa imefanya kazi. Hapo rudini kwenye darubini.

Ishara nyingine ambayo watu huipuuza ni damu kupungua bila sababu. Mjamzito mwenye hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita anastahili kuulizwa habari za malaria hata kama hana homa, kwa sababu malaria ya kondo mara nyingi haina homa.

Sasa uzito wa mtoto. Vimelea havikulitoboa kondo. Vilijaa katika damu inayolizunguka, seli nyeupe za mama zikaja kuvila, zikamwaga kemikali za vita, nyuzi za damu iliyoganda zikajishika, na ngozi ya kondo ikanenepa. Sukari na protini ambazo zilipaswa kupita zikapita kwa shida. Mtoto chini ya gramu 2500 huhesabiwa kuwa na uzito mdogo. Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonye kila baada ya saa mbili au tatu hata usiku, alale ndani ya chandarua tangu siku ya kwanza, na akipata homa kabla hajatimiza siku 28 apelekwe hospitali siku hiyohiyo, si kesho. Watoto waliotoka kwenye kondo lenye malaria huwa na tabia ya kupata malaria mapema kuliko wenzao.

Ukuta huu umejengwa na nini?

*Ninasoma uuguzi. Mwalimu alituambia kondo ni "kizuizi" akasonga mbele. Kizuizi cha namna gani? Na kama askari wa mwili wa mama wako pale, kwa nini hawamshambulii mtoto, ambaye nusu yake ni ya baba?* — Mwanafunzi, Ibanda

Swali hili tumelipenda, kwa hiyo utuvumilie.

Kondo la mimba iliyotimia ni sahani ya kama sentimita 22, unene wa sentimita 2 hadi 3, uzito karibu nusu kilo. Upande wa mtoto unang'aa na kiungamwana kimejipanda hapo. Upande wa mama ni mwekundu uliokolea, umegawanyika mafungu. Ndani yake kuna vidole vyenye matawi na vitawi, vikielea katika dimbwi la damu ya mama. Ukivikunjua vyote utafunika mita za mraba 11 hadi 13, sakafu ya chumba kizuri cha kulala. Damu ya mtoto hupita ndani ya vidole, ya mama huviosha kwa nje, zaidi ya nusu lita kila dakika mimba inapokaribia mwisho. Damu hizi mbili hazichanganyiki.

Kinachozitenga ni ngozi ya vidole, ambayo vitabu huiita sinsitiotrofoblasti. Hapa ndipo penye ufundi. Ngozi nyingine za mwili ni seli zilizopangwa kama matofali, na kati ya tofali na tofali pana kiungo. Vimelea na bakteria wengi hupenyea kwenye viungo hivyo. Ngozi ya kondo haina kiungo. Seli zake zimeyeyukiana zikawa bamba moja lenye viini mabilioni, na chini ya utando wake kuna wavu mzito wa nyuzi unaoifanya iwe ngumu kubonyea. Mvamizi hana mshono wa kupitia. Tena bamba hilo halikai lilivyo: chini yake kuna seli changa zinazoungana nalo kila siku, na vipande vilivyochakaa hujimenya vikaenda na damu ya mama. Kimelea kilichojishika huondoka na kipande chake. Watafiti wa ugonjwa wa Chagas wa Amerika ya Kusini hueleza kwa njia hiyo sehemu ya sababu inayofanya kimelea Trypanosoma cruzi kimfikie mtoto mmoja tu kati ya 20 hivi, ingawa mama wote hao wanacho katika damu.

Safu ya pili ni ya kemikali. Seli za kondo hutoa interferoni aina ya lamda muda wote, hata pasipo adui, na seli za jirani zikiipokea hukaa macho. Tishu nyingi hungoja zishambuliwe ndipo zitoe; kondo halingoji. Kimelea cha toksoplasma kikiwekwa maabara juu ya bamba hili hushindwa kujishika vizuri, na hata vile vichache vinavyoingia huzaana kwa shida.

Askari ndio safu ya tatu, nao wako upande wa mama, katika utando wa mji wa mimba. Miezi ya mwanzo, karibu 70 kwa 100 ya seli nyeupe za pale ni za ukoo unaoitwa seli wauaji wa asili. Jina linatisha, lakini kazi yao kubwa ni kusaidia mishipa ya mama ipanuke ili damu ifike. Zinaweza pia kuiokoa seli ya kondo bila kuiua: huipenyezea, kwa vijimrija vyembamba, protini iitwayo granulisini, ambayo huua bakteria aliye ndani na kuiacha seli hai. Hilo limeonyeshwa kwa bakteria wa Listeria. Na jibu la swali lako la baba: bamba lenyewe halionyeshi kabisa zile alama za utambulisho ambazo askari hutumia kumtambua mgeni, na seli za kondo zinazochimba ndani ya utando wa mama huonyesha alama ya pekee, HLA-G, ambayo askari wakiigusa hupoa.

Ndani ya vidole vyenyewe, upande wa mtoto, kuna walaji waitwao seli za Hofbauer, wa mwisho kukutana na aliyevuka. Na juu ya yote mama hutuma silaha zake: kingamwili za IgG huvushwa kwa mkono na kipokezi maalumu, kuanzia kama wiki ya 13 lakini nyingi zaidi katika miezi mitatu ya mwisho, hadi mtoto aliyetimia anazaliwa na IgG nyingi kuliko mama yake. IgM haina kipokezi, haivuki. Ndiyo maana IgM ikionekana katika damu ya mtoto mchanga tunasema ametengeneza mwenyewe, yaani ameambukizwa, mradi damu ya mama haikuchanganyika na sampuli. Na ndiyo maana mtoto njiti huzaliwa na ghala nusu tupu.

Udhaifu uko wapi? Kwenye ncha za vidole vilivyojikita katika nyama ya mama ili kulishikilia kondo. Pale hakuna bamba, ni seli mojamoja zinazochimba, na hizo huambukizika kwa urahisi kuliko bamba. Toksoplasma na Listeria huonekana kuanzia hapo. Malaria ndiyo iliyogundua njia nyingine kabisa: haijali kuvuka, inakaa kwenye dimbwi na kulizonga bamba kutoka nje. Ukiulizwa kwenye mtihani "je, kondo huzuia malaria?", jibu "humzuia kimelea kwa sehemu kubwa, halizuii ugonjwa".

Nimezaa wanne, niogope nini?

*Nimekulia hapa Bukavu, watoto wangu wanne wote nimewazalia hapa, sijawahi kulazwa kwa malaria. Sasa bwana amepata kazi Kamituga na nina mimba ya miezi miwili. Mama mkwe anasema mimba ya tano haidhuriwi na malaria, ni ya kwanza tu ndiyo yenye shida. Ni kweli?* — Mama wa watoto wanne, Bagira

Mama mkwe amesema jambo la kweli, ila si la kwako.

Mwanamke aliyekulia penye malaria nyingi ana kingamwili dhidi ya gundi nyingi za kimelea. Gundi ya VAR2CSA hajakutana nayo, kwa sababu bila kondo haina pa kunata. Mimba ya kwanza ndiyo inayomkutanisha nayo akiwa mikono mitupu. Katika mimba hiyo mwili hujifunza. Ya pili humkuta na kingamwili kiasi, ya tatu na ya nne zaidi. Ndiyo sababu kule bondeni mzigo mkubwa wa malaria ya kondo huangukia mimba ya kwanza.

Lakini kujifunza kunataka mwalimu. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari na joto la wastani linazunguka nyuzi 20. Ndani ya mbu, kimelea cha falciparum huhitaji kama siku 12 kukomaa kwenye nyuzi 25. Kwenye nyuzi 20 huhitaji karibu wiki 4, na mbu wengi hufa kabla. Kwa hiyo mimba zako nne huenda hazikukutana na kimelea hata kimoja. Ukishuka Kamituga, au Shabunda, au Uvira na uwanda wote wa Ruzizi, kwa macho ya kimelea wewe ni mama wa mimba ya kwanza. Zaidi ya hapo, mtu asiye na kinga haugui kimyakimya kama tulivyomweleza mama wa Kadutu: huugua kwa kishindo, akapungukiwa sukari, akapoteza fahamu, akapoteza mimba. Na mama mwenye virusi vya ukimwi, hata aliyezaliwa Uvira, hupoteza sehemu ya ile kinga ya mimba nyingi.

Kama safari inaweza kungoja, ingoje. Kama haiwezi, chandarua kipande gari pamoja nawe, kisitumwe baadaye na mizigo. Kipya kianikwe kivulini siku moja kabla ya kukilalia, kichomekwe chini ya godoro pande zote, kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kukaushwa kivulini, maana jua hula dawa. Una mimba ya miezi miwili, kwa hiyo SP, vidonge vya kuwakinga wajawazito na malaria, bado hujaanza (soma barua inayofuata). Hadi wiki ya 13 chandarua ndicho ulinzi wako wote, na damu ya mama huanza kujaa katika dimbwi la kondo mnamo wiki ya 10 hadi 12.

Homa yoyote, pima siku hiyohiyo. Ikiwa ni malaria isiyo kali, artemeta na lumefantrini: vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, jumla 24, dozi ya pili ikiwa saa 8 baada ya ya kwanza. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, maana lumefantrini bila mafuta haiingii mwilini vya kutosha: karanga, maziwa, sambaza wa kukaanga vinatosha. Ukitapika kabla ya saa moja, rudia dozi nzima. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani, OMS, limekubali dawa hiyo hata katika miezi mitatu ya kwanza; zamani ilikuwa kinini, siku 7 za masikio kuvuma, na akina mama wengi waliacha kabla ya kumaliza. Macho ya manjano, mkojo wa rangi ya chai, kuhema, kuchanganyikiwa, degedege, au mtoto kuacha kucheza: hapo si vidonge tena, ni sindano ya artesunate hospitalini.

Vidonge vitatu vya CPN (kliniki ya wajawazito)

*Kila mara kwenye CPN wananipa vidonge 3 nivimeze mbele yao, na vinanichafua moyo. Siwezi kuvimeza nyumbani, kimoja asubuhi, kimoja saa sita, kimoja usiku? Na kwa nini dada yangu anayekunywa Bactrim kila siku amenyimwa?* — Msomaji wa Panzi. *(Baba mmoja wa Kadutu ameuliza pia kama mke wake achanganye vidonge hivyo na vile vya manjano vya kuongeza damu.)*

Vitatu kwa mara moja. Kila kidonge cha SP, ambacho wengi bado wanakiita Fansidar, kina miligramu 500 za sulfadoksini na 25 za pirimethamini. Dozi moja ni vyote vitatu pamoja. Ukivigawa ni rahisi kimoja kusahaulika, na dozi pungufu humpa kimelea nafasi ya kuzoea. Kumezea mbele ya muganga si dharau, ni kwa sababu vidonge vingi vilivyopelekwa nyumbani vilimezwa na mume au mtoto mwenye homa. Kula kwanza ukitaka, kumeza kwa tumbo tupu nako kunakubaliwa, na ukitapika kabla ya nusu saa sema ili urudishiwe.

Anza mimba ikitimiza wiki 13. Kila dozi iwe mbali na iliyotangulia kwa mwezi mmoja au zaidi. Dozi 3 ni za chini kabisa. Tangu 2012 OMS inasema itolewe kila hudhurio hadi kujifungua, kwa hiyo atakayekuambia "miezi minane umechelewa" hajasoma mwongozo mpya.

Dada yako amenyimwa kwa haki. Bactrim na SP ni za ukoo mmoja wa salfa. Pamoja huongeza hatari ya ngozi kubabuka vibaya, na Bactrim ya kila siku tayari inamkinga kiasi. Mwenye mzio wa salfa naye asipewe SP.

Baba wa Kadutu, umeuliza jambo ambalo vituo vingi hulikosea. SP humuua kimelea kwa kumnyima folati. Kidonge cha asidi ya foliki cha miligramu 5 humrudishia kile kile dawa ilichomnyang'anya. Kidonge kilichounganisha chuma miligramu 60 na foliki miligramu 0.4 hakina shida, endeleeni nacho kila siku. Cha miligramu 5 kisitishwe wiki 2 baada ya kila dozi ya SP. Msihukumu kwa rangi peke yake, someni namba iliyoandikwa kwenye kopo.

Tuseme pia lisilopendeza: huku mashariki mwa Kongo vimelea vinavyostahimili SP vimeenea kuliko magharibi. Bado watoto wa akina mama waliomeza huzaliwa na uzito mzuri zaidi, na inaonekana sehemu ya faida hiyo haitokani na malaria bali na maambukizi mengine ambayo SP huyapunguza. Kwa hiyo meza, lakini usikitupe chandarua.

Paka, mushikaki na karatasi ya maabara

*Nina duka la mchele, nafuga paka wawili kwa ajili ya panya. Nina mimba ya miezi minne. Karatasi imeandikwa: toksoplasma IgG chanya, IgM chanya. Jirani anasema mtoto atazaliwa kipofu, niitoe. Nisaidieni haraka.* — Mfanyabiashara wa Kadutu

Usitoe kitu kwa karatasi hiyo, dada. IgG chanya inasema umewahi kukutana na kimelea. IgM chanya inasema *labda* ni karibuni; lakini IgM ya toksoplasma hukaa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Anayetutia hofu ni mama aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Aliyeambukizwa zamani ana kingamwili na askari waliozoea, na kondo lake halifikiwi kwa urahisi.

Kuna vipimo viwili vya kutofautisha. Kimoja hupima jinsi IgG inavyong'ang'ania, kinaitwa avidite: ikishika kwa nguvu, maambukizi yana zaidi ya miezi 3 hadi 4. Kwa mimba ya miezi minne hilo lingekupa faraja kubwa, ingawa wiki chache za mwanzo zingebaki mpakani. Ikishika kwa ulegevu haithibitishi kwamba ni jipya, na hapo watu wengi huteleza. Kama avidite haipatikani, damu nyingine ichukuliwe baada ya wiki 2 hadi 3 na zipimwe zote mbili pamoja, maabara moja, siku moja. IgG iliyopanda sana ndiyo inayoshtaki. Uliza kama sampuli ya kwanza imehifadhiwa kabla hawajaitupa.

Ikithibitika ni jipya, daktari huanza spiramisini, gramu 1 mara tatu kwa siku, ambayo hujikusanya katika kondo lenyewe. Uwezekano wa kuvuka hutegemea umri wa mimba. Kwa akina mama waliofuatiliwa Lyon, Ufaransa, wengi wao wakiwa kwenye dawa, kimelea kilimfikia mtoto kwa karibu 6 kwa 100 maambukizi yalipotokea wiki ya 13, 40 kwa 100 wiki ya 26, na 72 kwa 100 wiki ya 36. Kondo likikua, damu inayoliosha huongezeka na kizuizi huwa chembamba. Madhara yanakwenda kinyume: vichache vinavyovuka mapema ndivyo vinavyoumiza zaidi ubongo na macho, wanaoambukizwa mwishoni wengi huzaliwa bila dalili, lakini macho yao hufuatiliwa kwa miaka.

Paka wako hawahitaji kufukuzwa. Paka hutoa mayai ya kimelea kwa wiki 1 hadi 3 tu, mara nyingi akiwa mdogo, na mayai hayo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ndipo yaweze kuambukiza. Kinyesi kiondolewe kila siku, na mtu mwingine, si wewe. Unapoosha lengalenga au saladi, jua kwamba maji ya Javel na siki havimuui. Kinachofanya kazi ni maji mengi yanayotiririka na vidole vinavyosugua jani. Sombe, majani ya muhogo, haina neno, imechemka saa nzima na zaidi. Hatari ya kweli kwa watu wa mjini ni mushikaki wa mbuzi uliobabuka nje na mwekundu ndani. Muombe mchomaji akate vipande vidogo, na kimoja kipasuliwe mbele yako: nyama isiwe na wekundu, ifike nyuzi 67 au zaidi katikati. Kisu na ubao wa nyama mbichi visikate nyanya kabla havijaoshwa kwa sabuni.

Kwa kifupi

*Chai ya artemisia inaweza kushika nafasi ya SP?* — Hapana. Kiasi cha dawa katika majani hubadilika kutoka shamba hadi shamba, hutoka mwilini kwa saa chache, na OMS haikubali chai hiyo kwa kinga wala kwa tiba.

*Nakula udongo tangu mimba ianze, siwezi kuacha.* — Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma kisiingie, mduara mbaya. Unaweza pia kuleta mayai ya minyoo. Baada ya miezi mitatu ya kwanza, omba CPN dawa ya minyoo, albendazoli miligramu 400 au mebendazoli 500 mara moja, upimwe damu, na vidonge vya chuma uvimeze mbali na udongo na mbali na chai.

*Watoto wana chanjo ya malaria, kwa nini wajawazito hawana?* — Chanjo ya watoto humlenga kimelea akitoka kwa mbu kuelekea ini. Kwa kondo inatakiwa chanjo ya VAR2CSA. Mbili, PAMVAC na PRIMVAC, zimejaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo: ziliamsha kingamwili, lakini hasa dhidi ya kimelea kinachofanana na kile cha chanjo, ilhali VAR2CSA hutofautiana kutoka kimelea hadi kimelea.

*Familia yetu huzika kondo nyumbani. Litaeneza malaria? Na likizikwa, maabara italionaje?* — Malaria haitoki kwenye kondo bila mbu. Damu yake hata hivyo inaweza kubeba virusi vya ukimwi au homa ya ini, kwa hiyo lishikwe kwa glavu, lizikwe kwa kina ambacho mbwa hafiki, mbali na kisima. Mkisha kukubaliana na mkunga, akate kipande cha sentimita 2 kwa 2 upande wa mama, si pembezoni, kiingie mara moja katika formalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa. Formalini iliyogeuka asidi huacha madoa meusi yanayofanana kabisa na rangi ya malaria, na mtu wa darubini ataandika ugonjwa ambao haukuwepo. Kilichobaki, chukueni mkazike.